Sahani Ilitangulia, Chakula Kimefuata

Anayezuru makumbusho ya Fort Jesus, Mombasa, huoneshwa sahani na bakuli za kaure zilizoletwa kutoka China. Vipande vingi vya kaure ya namna hiyo vilifukuliwa Gedi, mji wa kale karibu na Watamu, James Kirkman alipochimba magofu yake kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940. Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, na Mambrui, kaskazini mwa Malindi, watu wa zamani walipachika bakuli za Kichina kwenye nguzo za makaburi ya wakubwa wao. Nyumba za mawe za Lamu zilijengwa na zidaka ukutani, na kwenye zidaka hizo kaure ilipangwa mgeni aione kabla hajaketi. Mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa kwa mfalme wa China wa ukoo wa Ming, na miaka michache baadaye merikebu za amiri wake, Zheng He, zikatia nanga katika pwani hii.

Sahani ya Mchina, basi, si ngeni kwetu. Wazee wa pwani waliinunua, wakairithisha, wakazikwa nayo. Kilichochelewa ni chakula kilicholiwa kwenye sahani hizo huko zilikotoka. Hicho kimetufikia juzijuzi, na hakikushukia Lamu wala Malindi. Kimeshukia Kilimani, Nairobi, mbali kabisa na bahari.

Pita Kilimani mchana wa siku ya kazi. Anzia Barabara ya Argwings Kodhek, upite Yaya, ukate Kirichwa, uende mpaka Lenana. Katikati ya maghorofa yaliyomeza nyumba za zamani zenye bustani kuna mikahawa yenye mabango ya herufi za Kichina, na chini yake maneno mawili matatu ya Kiingereza, madogo. Mingine haina hata bango la kuonekana kutoka barabarani. Kuna lango, askari wa zamu, na taa nyekundu za karatasi. Wakazi wengi wa mtaa hupita mbele ya lango hilo kila siku na hawajawahi kuingia. Mimi nasema waingie, na waingie mchana.

Nairobi imekuwa na mikahawa ya Kichina kwa miongo mingi, na kuna watakaouliza kipya ni kipi. Ile ya zamani ilipikia watu wa kila aina: watalii, mabalozi, familia za Kihindi za Parklands, Waafrika waliotaka kusherehekea shahada au posa. Ikapika kile ambacho wateja hao wangekikubali. Kuku wa Manchurian, ambaye bado yumo kwenye menyu nyingi za jiji hili, hakutoka Manchuria. Anayetajwa kumbuni ni Nelson Wang, mpishi wa ukoo wa Kichina mzaliwa wa Kolkata, akiwa Mumbai mwaka 1975: alianza na kitunguu saumu, tangawizi na pilipili mbichi kama mpishi yeyote wa Kihindi, kisha mahali pa garam masala akamimina mchuzi wa soya. Sahani hiyo ilivuka bahari na Wahindi, si na Wachina. Siibezi. Ni tamu, na imebeba safari ya watu waliohama mara mbili. Lakini ni chakula kilichopikwa kwa kumtazama mgeni usoni, kwa kukisia atapenda nini.

Mkahawa wa mtaani wa Kilimani una asili nyingine. Upanuzi wa Barabara ya Thika ulikamilika 2012, reli ya SGR kati ya Mombasa na Nairobi ikafunguliwa 2017, barabara ya juu ya Nairobi Expressway ikaanza kubeba magari 2022. Kampuni za China zilizofanya kazi hizo zilileta wahandisi, wapimaji na wahasibu, na nyuma yao wakaja wafanyabiashara wa simu, vigae, taa na nguo. Watu hawa waliposhika nyumba Kilimani walikuwa na njaa ambayo kuku choma hakuweza kuituliza. Mtu akawafungulia jiko. Mpishi anayepikia watu wa kwao hana nafasi ya kulegeza chakula, kwa sababu mlaji anajua mama yake alivyokipika. Huo ndio uhalisi ninaousema. Haumo kwenye taa nyekundu wala kwenye joka lililochorwa ukutani. Natazama ni nani ameketi meza ya jirani, na nini kimewekwa mbele yake.

Tanzania ingeweza kuupata mkahawa wa namna hii mapema zaidi. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia, ilijengwa kati ya 1970 na 1975, Wachina kwa maelfu wakifanya kazi bega kwa bega na Watanzania na Wazambia. Lakini Wachina wale waliishi kambini, wakapika kambini, kazi ilipokwisha wakarudi kwao. Baadhi ya waliofia kazini wamezikwa Gongo la Mboto, Dar es Salaam. Chakula chao, kwa sehemu kubwa, hakikutoka nje ya uzio wa kambi.

Kwa nini mchana? Jioni mkahawa wa aina hii una shughuli zake: vyumba vya faragha, pombe, mazungumzo ya biashara, meza za watu kumi wanaojuana. Mchana ni wa kazi. Wachina hula mapema. Saa sita kamili, maofisi mengi ya Wakenya yakiwa bado hayajatoka, viti vimeshajaa. Wahandisi wanaingia na vumbi kwenye viatu. Wanaagiza bila kufungua menyu, wanakula sana, wanakula haraka, na ikigonga saa saba na nusu wametoweka, wengine kwenda kujinyoosha kidogo kabla ya kurudi kazini. Mpishi hana muda wa madoido. Kinachotoka jikoni saa hiyo ni kile anachokijua kabisa.

Kikwazo cha kwanza ni menyu. Mikahawa mingi ya namna hii ina menyu mbili. Moja ni nyembamba, ya Kiingereza, ina wali wa kukaanga, kuku wa korosho, samaki wa sukari na siki. Ya pili ni nene, ina picha, na maelezo yake ni Kichina kitupu. Mhudumu akiona uso usio wa Kichina huleta ile nyembamba. Hafanyi hivyo kwa dharau. Ameshawaona wateja wakirudisha sahani jikoni na kugoma kulipa. Lakini anayekubali menyu nyembamba amekula chakula kilichopikwa kwa kukisiwa, ndani ya jiko lenye uwezo wa kumpa kitu kingine kabisa. Iombe ile kubwa. “Dada, tuletee ile yenye picha, wanayoitumia wao.” Dada ataangalia kaunta, kisha atatabasamu na kuileta. Ukishindwa kuisoma, mwoneshe meza ya jirani kwa heshima na umwulize wanakula nini.

Na usiende peke yako. Chakula hiki hakikutungwa kwa ajili ya mtu mmoja na sahani yake. Mtu akiagiza tofu peke yake atachoka nayo katikati, kwa sababu ilikusudiwa kuliwa na mboga pembeni, na kitu cha maji maji, na kitu kikavu, na wali mweupe usio na chumvi unaovishikanisha vyote. Mkiwa wanne agizeni vitu vinne tofauti, viwekwe katikati, kila mmoja achote. Waswahili hawahitaji kufundishwa jambo hili. Anayejua kula kwenye sinia, akala upande wake, akamsukumia mgeni nyama nono, ameshajua adabu kuu ya meza ya Mchina.

Hata ile sahani kubwa ya kuzunguka iliyo katikati ya meza ina habari yake. Daktari Wu Lien-teh, mzaliwa wa Penang, ndiye aliyepelekwa Harbin kupambana na tauni ya mapafu ya 1910 na 1911, akasisitiza watu wafunike pua na mdomo. Baada ya hapo alianza kuuhangaikia mlo wa pamoja, ambao watu wote wanaingiza vijiti vyao kwenye bakuli moja. Hakutaka kuuvunja. Alipendekeza sinia la kuzunguka, na kila bakuli liwe na kijiko chake cha kupakulia, ili watu waendelee kula pamoja bila kuambukizana. Nampenda daktari huyu kwa hilo. Wengine wangewaambia watu kila mmoja ajifungie na sahani yake.

Sasa tuje jikoni. Mkahawa ninaokwenda una dirisha dogo la kutolea chakula, na nikipata meza ya karibu naikalia hiyo. Jiko lenyewe ni la gesi inayosukumwa kwa feni, moto unavuma, ukitaka kuongea karibu nalo unapaza sauti. Karai ni la chuma, jeusi, kubwa. Mpishi analichoma mpaka litoe moshi mwembamba, anamimina mafuta, analizungusha, anayamwaga mafuta yale na kutia mengine. Anatia nyama ya kusaga, anaikaanga mpaka iwe kavu na itoe harufu. Kisha rojo la maharage mapana na pilipili lililochachushwa kwa miezi. Mafuta yanageuka mekundu pale pale. Kitunguu saumu, tangawizi, upawa wa supu. Tofu ameshaichemsha pembeni kwenye maji ya chumvi ili isivunjike, na inapoingia kwenye karai haikorogi. Anaisukuma kwa mgongo wa upawa, kuelekea mbele, taratibu. Wanga uliochanganywa na maji anautia kidogo, anangoja, anatia tena, anangoja, mpaka mchuzi uache kutengana na tofu. Mwisho kabisa, unga wa pilipili ya Sichuan unanyunyizwa juu. Kutoka mafuta hadi sahani ni dakika chache tu.

Hiyo ni mapo tofu. Chengdu, mji mkuu wa Sichuan, husimuliwa kwamba aliyeianzisha ni mwanamke wa familia ya Chen, mwenye makovu ya ndui usoni, aliyekuwa na duka la chakula mwaka 1862 na akiwapikia wachukuzi wa mafuta waliopita mlangoni pake. Chakula cha wabeba mizigo. Ukikila mara ya kwanza utadhani ni cha pilipili tu, halafu sekunde chache baadaye midomo inaanza kutetemeka na ulimi kufa ganzi. Wageni wengi hushtuka hapo, na wengine huweka kijiko chini. Hakuna ubaya wowote. Ni ile pilipili ya Sichuan, ambayo si pilipili hata kidogo. Ni ganda la tunda dogo la mti wa jamii moja na ndimu na machungwa. Ndani yake mna kemikali inayoamsha mishipa ya fahamu ya kugusa. Mwaka 2013 watafiti wa London waliwapaka watu pilipili hiyo midomoni, wakawaomba wailinganishe hisia ile na mtetemo wa chombo, na jibu likawa mitetemo kama 50 kwa sekunde. Marekani ilipiga marufuku kuingizwa kwa pilipili hii kuanzia 1968 mpaka 2005 kwa kuhofia ugonjwa wa michungwa, kwa hiyo kwa miaka mingi Wamarekani walikula chakula cha Sichuan kilichopungukiwa na roho yake. Kilimani haina marufuku hiyo.

Kuna jambo hapa ambalo ningependa kila mtu wa pwani alijue. Mti wa pilipili ya Sichuan una ndugu wa damu kwetu. Ni mjafari, ule wenye miiba iliyokaa juu ya vinundu vinene vya shina, ambao magome na majani yake wazee wetu wameyatumia kwa dawa tangu zamani. Wataalamu wa mimea wanaiweka miti hiyo katika jenasi moja, Zanthoxylum. Wamaasai nao wana oloisuki, wa jenasi hiyo hiyo, wanaoutia kwenye supu ya nyama. Ganzi ile inayomshtua Mkenya mezani pa Mchina inatokana na ukoo wa mti ulioota vichakani mwetu na ambao bibi zetu waliuchemsha.

Undugu wa namna hii umejaa kwenye menyu ile nene. Mayai ya nyanya ndiyo chakula cha kwanza ambacho watoto wengi wa Kichina hufundishwa kupika nyumbani, na ndicho mwanafunzi wa chuo Nairobi anachopika chumbani mwake mwisho wa mwezi. Tofauti ni kwamba Mchina hukaanga mayai kwanza, akayatoa, akapika nyanya mpaka zitoe maji, akatia chumvi na sukari kidogo, ndipo akayarudisha mayai yakiwa bado laini. Mchicha, ambao sehemu nyingi za Kenya huitwa terere, huko hukaangwa kwa kitunguu saumu kwenye moto mkali kwa muda mfupi, na ule mwekundu huutia wali rangi ya waridi. Matembele, majani ya viazi vitamu ambayo watu wa Dar es Salaam hula bila hata kuyafikiria, huliwa pia Fujian na Guangdong, kwa kitunguu saumu vile vile. Nimewaona watu wa Kilimani wakikunja uso kwa miguu ya kuku iliyopikwa kwa soya, ilhali Kawangware, mwendo mfupi wa matatu kutoka hapo, miguu ya kuku huuzwa jioni kando ya barabara na watu hupanga foleni.

Pilipili yenyewe inapaswa kutupunguzia ukali tunapobishana kuhusu halisi na bandia. Ilitoka Amerika. Ilifika China mwishoni mwa karne ya 16, ikachukua zaidi ya miaka mia moja kupenya mpaka majikoni ya Sichuan na Hunan. Pwani yetu iliipata zama hizo hizo za Wareno. Sichuan isiyo na pilipili na Mombasa isiyo na pilipili zote zilikuwepo. Kwa hiyo siulizi kama chakula hiki kilikuwa hivi tangu kale. Nauliza kama anayekipika leo anakipika kwa dhati, kwa mtu atakayejua akikosea.

Najua kinachowazuia wengi mlangoni, na si menyu. Ni shaka. “Unajua wale wanapika nyama gani?” Swali hilo nimelisikia ofisini, kwenye matatu, hata misibani. Sehemu ya shaka hiyo ina mzizi wa kweli. Biashara ya ngozi za punda kwenda China iliwaumiza wakulima wetu, punda wakaibwa usiku, mpaka Februari 2020 serikali ya Kenya ikatangaza kupiga marufuku machinjio ya punda. Hasira ile ilikuwa ya haki. Lakini kuitoa kwa mfanyabiashara wa ngozi na kumtwika mpishi wa tofu ni dhuluma, na tunaotoka katika jamii ambazo wageni walizisingizia mengi tunapaswa kuliona hilo haraka kuliko wengine.

Shaka ya pili inahusu ule unga mweupe wa kuongeza ladha. Aliyeutambua ni mwanakemia wa Japani, Kikunae Ikeda, mwaka 1908, akiuchuja kutoka kwenye mwani wa supu. Mwaka 1968 daktari mmoja nchini Marekani aliandikia jarida la kitabibu barua fupi akieleza kwamba akila kwenye mikahawa ya Kichina husikia ganzi shingoni na moyo kumwenda mbio, akakisia sababu mbalimbali, unga huo ukiwemo. Gazeti kwa gazeti, dhana ikageuka ugonjwa wenye jina la mkahawa wa Kichina. Majaribio yaliyofanywa baadaye, mlaji asijue amepewa unga au amepewa kitu kingine, hayakuithibitisha kwa kiwango cha kawaida cha mlo. Na wengi wanaouogopa Kilimani wanaula nyumbani kila siku ndani ya vidonge vya mchuzi, juu ya maharagwe na sukuma wiki.

Shaka ya tatu ni nzito na haina utani: nguruwe. Jiko la Kichina kwa jumla ni jiko la nguruwe, na Mwislamu ana haki ya jibu lililonyooka. Nilikwenda siku moja na rafiki yangu wa Mombasa. Alimwuliza mhudumu, “Dada, kwenye hii biringanya mna nguruwe?” Dada akajibu, “Hiyo haina. Lakini kaka, nisikufiche, karai ni lile lile.” Rafiki yangu akamshukuru, akanywa chai, akatusubiri tumalize. Namheshimu dada yule kuliko mabango mengi ya halali niliyoyaona yakiwa yamebandikwa tu. Na nikamwambia rafiki yangu kwamba China ina Waislamu zaidi ya milioni 10 wa kabila la Hui peke yake, wenye mapishi yao kamili. Tambi za Lanzhou, zinazovutwa kwa mikono mpaka ziwe nyembamba na kuliwa kwa supu angavu ya ng'ombe, figili, dania na mafuta ya pilipili, ni chakula cha Kiislamu; Ma Baozi, Mhui, alianza kuziuza mjini humo mwaka 1915. Xinjiang, kwa Wauyghur, nyama ya kondoo hutungwa kwenye vijiti, ikapakwa bizari ya pilau na pilipili, ikachomwa juu ya makaa. Mtu wa Mombasa akiiona hiyo hahitaji kutafsiriwa, ni mishikaki. Mfanyabiashara atakayefungua jiko la Lanzhou karibu na msikiti wowote wa Eastleigh au Mombasa hatakosa wateja.

Nimewabana majirani zangu Wakenya vya kutosha. Sasa niwageukie wenye mikahawa. Machi 2015 vyombo vya habari vya Nairobi viliripoti kwamba mkahawa mmoja wa Kichina ulikuwa ukiwazuia Waafrika kuingia baada ya saa kumi na moja jioni. Jiji liliwaka, na mkahawa ukafungwa kwa kukosa leseni zilizotakiwa. Jambo lile halijasahaulika, na halipaswi kusahaulika. Mtu hawezi kupanga mtaani kwa watu, akanunua nyanya na tangawizi yao, akaajiri watoto wao waoshe vyombo, kisha akawafungia mlango jua linapotua. Mingi kati ya mikahawa hii haina sera kama ile, lakini ina mambo madogo madogo yanayomfanya Mkenya ajihisi amekosea njia: menyu isiyosomeka, mhudumu anayeangalia kaunta kabla ya kukupa kiti, meza ya karibu na choo iliyo wazi siku zote. Haya yarekebishwe. Menyu iwe moja, iandikwe Kichina, Kiingereza na Kiswahili, nyama itajwe kwa jina lake, na bei ziwe zile zile kwa kila mtu. Kutafsiri kurasa 20 ni kazi ya wiki moja. Chuo Kikuu cha Nairobi kimekuwa na Taasisi ya Confucius tangu 2005, na vijana waliosoma Kichina hapo wanatafuta kazi.

Nalihangaikia jambo hili kwa sababu sioni mahali pengine ambapo tunakutana hivi. Mkenya na Mchina hukutana mmoja akiwa msimamizi na mwingine kibarua, mmoja mwenye deni na mwingine mdai, mmoja muuzaji na mwingine mnunuzi anayelalamikia bidhaa. Mezani saa sita mchana ni watu wenye njaa wanaosubiri sahani kutoka dirisha moja. Mara moja mzee wa Kichina wa meza ya pili aliniona nikihangaika na vijiti juu ya samaki mzima wa kuchemshwa kwa mvuke. Hakusema neno. Alikuja, akaibandua minofu ya upande wa juu kutoka kwenye mfupa kwa vijiti vyake viwili, akainua uti wa mgongo wote kwa mkupuo mmoja, akauweka pembeni, akarudi kuketi. Samaki wangu alikuwa sato, samaki anayejulikana na kila mtu wa Kisumu. Tangu siku hiyo huwa tunasalimiana.

Jikoni pale yuko kijana wa Kakamega aliyeingia kuosha vyombo. Alijifunza kukata, akajifunza kuchemsha supu, na sasa mwenye mkahawa akisafiri yeye ndiye anayeshika karai. Wateja wa Kichina hawajarudisha sahani. Kichina chake ni cha jikoni, anajua majina ya viungo, ya moto mkali na mdogo, na matusi ya mpishi mkuu. Nilimwuliza akifungua jiko lake atapika nini. “Tofu,” akasema bila kufikiri. “Soya inalimwa hapa, mzee, na tofu naitengeneza mwenyewe. Nitaiuza na ugali, Kawangware. Ugali unaubeba mchuzi ule kuliko wali.” Nimejaribu nyumbani, na ana haki, ugali unakunywa yale mafuta mekundu na kuupoza ulimi kwa wakati mmoja. Kinachomkwamisha ni jiko. Lile la moto wa kuvuma ni ghali, bila hilo tofu inatoka maji maji, na mwenye nyumba aliyempata hataki mtungi mkubwa wa gesi ndani ya chumba cha mabati. Anatafuta chumba cha mawe.